Mto Ngong Ulifika Wapi?

Ukiuona Mto Ngong mwezi wa Agosti unapopita Mukuru kwa Njenga, utaapa kwamba hauna nguvu ya kubeba hata ndoo. Ni mkondo mwembamba, mweusi kwa uchafu wa viwanda na vyoo. Lakini mnamo Aprili 2024 mto huo huo uliingia majumbani usiku, ukachukua mabati, magodoro na vitabu vya shule. Nchini kote, mafuriko ya msimu huo yaliua zaidi ya watu 280.

Je, mambo haya ni mageni? Majina ya mahali yanajibu. Mukuru, kwa lugha ya Kikuyu, ni bonde. Nairobi nayo ilipewa jina na Wamaasai kwa sababu ya maji yake baridi. Reli ilipofika hapa mwaka wa 1899, wajenzi walikuta tambarare yenye vinamasi na udongo mweusi ule ambao, ukishiba maji, hauruhusu tone jingine kupenya. Waliotangulia walilisha mifugo yao hapa, wakahama. Sisi tulijenga.

Pengine utauliza: mtu atajuaje mito ilivyokuwa kabla ya kuwepo vipimo? Wamisri walikuwa na bahati, kwani kule Cairo kimo cha Mto Nile kimeandikwa tangu karne ya 7. Huku kwetu kitabu ni tope. Wataalamu walichimba tope lililotuama chini ya Ziwa Naivasha, tabaka juu ya tabaka, na matokeo yao yakachapishwa mwaka wa 2000. Waligundua kwamba kati ya mwaka 1000 hivi na 1270 sehemu hizi zilikuwa kavu kuliko leo. Kisha zikaja karne za mvua nyingi hadi kama 1850, zikikatizwa na vipindi vitatu vya ukame mkali ambavyo vinalingana na njaa na uhamaji unaosimuliwa katika masimulizi ya wazee. Kwa hivyo mvua ya Afrika Mashariki haijawahi kutulia, hata kabla ya moshi wa kiwanda cha kwanza.

Nasi tumeyaona. Mwishoni mwa 1961 mvua ilinyesha hata Ziwa Victoria likapanda kwa zaidi ya mita 2 kufikia 1964. Mwaka wa 1997 ikaja El Nino, jina ambalo hata watoto wa chekechea walilijua. Miaka yote hiyo miwili, na 2019 pia, maji ya Bahari Hindi upande wetu yalikuwa na joto kupita kawaida, na bahari ikipata joto hutuletea mawingu.

Lakini mvua si mafuriko. Kati ya tone na mlango wako kuna ardhi, na ardhi ndiyo iliyobadilika zaidi. Ushahidi mzuri kabisa uko mbali, Malindi. Maji ya Mukuru huingia Mto Nairobi, kisha Athi, ambao huko chini huitwa Galana na mwishowe Sabaki, na kumwagika baharini kaskazini mwa mji huo. Tumbawe moja huko limekua kwa miaka 300, likihifadhi mwaka baada ya mwaka alama ya madini ya bariamu yanayoletwa na udongo wa mto. Kwa karne mbili alama hiyo haikubadilika sana. Kuanzia mwanzoni mwa karne ya 20, misitu ilipofyekwa na mashamba kupanuliwa, ilianza kupanda. Mmomonyoko wetu umeandikwa ndani ya jiwe!

Hapa jijini mambo yalikwenda mbio zaidi. Mwaka wa 1948 Nairobi ilikuwa na watu karibu 119,000. Sensa ya 2019 ilihesabu 4,397,073. Palipokuwa na nyasi leo ni mabati, saruji na lami, na mvua ya saa moja hukimbilia mtoni mara moja. Juu ya Mukuru kuna Bwawa la Nairobi, lililojengwa 1953, ambapo zamani watu walishindana kwa mashua za tanga. Baadaye lilijaa tope na magugu. Bwawa lililojaa tope halina nafasi ya kuzuia maji yanayokuja kwa kishindo.

Wanasayansi wa World Weather Attribution walikadiria kwamba ongezeko la joto duniani liliifanya mvua ya 2024 kuwa nzito kwa kama asilimia 5. Si haba, lakini asilimia 5 peke yake haibomoi mtaa.

Baada ya mafuriko hayo serikali iliamuru walio ndani ya mita 30 kutoka mtoni waondoke, na matingatinga yakaingia Mukuru. Sasa sikiliza: kanuni za mazingira za 2006 zilitaja kati ya mita 6 na mita 30, kwa kutegemea kimo cha juu kabisa cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Kimerekodiwa na nani, katika mtaa ambao kwa miaka mingi haukuwemo hata kwenye ramani za jiji? Mwanafunzi unayesoma haya, mwulize nyanya au jirani mkongwe maji yalifika wapi 1997, na wapi 2024. Pima kwa hatua kutoka ukingoni, uandike katika daftari tarehe na jina la njia, kabla ukuta wenye alama ya tope haujabomolewa.