Uwanja Wenye Pande Mbili

Kila nikitazama igizo, mchoro au onyesho la jukwaani linalosimulia jinsi Watanzania walivyotoka uwanja wa ngoma wakaingia klabu, nakuta mambo mawili tu. Kwanza watu wenye njuga miguuni na ngozi kiunoni, kisha vijana chini ya taa za rangi. Katikati hapana kitu, utadhani babu alilala akicheza ngoma na mjukuu akaamkia klabu.

Hiyo katikati ndiyo sisi watu wa Rujewa. Kwetu ni Usangu, nchi ya Wasangu, lakini ni muda mrefu sasa hatuchezi peke yetu. Wabaluchi walikuja tangu enzi za misafara, Wahehe, Wabena na Wanyakyusa wakashuka kutoka milimani, shamba la mpunga la Mbarali likaleta vibarua wa kila kabila miaka ya 1970, na Wasukuma wakafika na ng'ombe wao. Hapa nataka kusema habari za usiku baada ya mavuno, mpunga ukishauzwa na pesa iko mfukoni.

Wanaosema starehe ya usiku imeletwa na umeme waje wanisikilize. Ngoma ya beni ilizaliwa pwani ya Kenya miaka ya 1890, watu wakiiga matarumbeta na gwaride la wazungu, wakajipa vyeo na sare. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, askari na wapagazi walirudi nayo bara. Upande wa Ziwa Nyasa jamaa yake ni mganda: wanaume kwenye mistari, mavazi meupe yaliyopigwa pasi, vibuyu vikilia kama tarumbeta. Je, hiyo si sanaa iliyofinyangwa kutokana na starehe ya wakati wake? Waliona gwaride, wakalicheza mpaka likawa lao.

Dansi nalo likafuata njia hiyo. Dar es Salaam Jazz ilianza mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Tarehe 10 Desemba 1962, akihutubia Bunge baada ya kuapishwa kuwa Rais, Mwalimu Nyerere alisikitika kwamba wengi wamejifunza rumba na chachacha ilhali hawajui ngoma za gombesugu, mangala wala kiduo. Alikuwa na haki ya kusikitika. Lakini miaka michache baadaye rumba ile ilikuwa na bendi za chama cha wafanyakazi, za vijana wa chama, za polisi na za jeshi. Kwetu huku Nyanda za Juu Kusini, kiwanda cha kukata almasi cha Iringa kikawa na Tancut Almasi, bendi ya mapacha Kasaloo Kyanga na Kyanga Songa. Na bendi ya Mlimani Park walipoanza mwaka 1978 walichukua jina la mtindo wao, Sikinde, kutoka ngoma ya Wazaramo. Ngoma haikuuawa na dansi. Ilihamia ukumbini na viatu vyake.

Jambo ambalo wachoraji na watunzi wa maonyesho hawalioni kabisa ni upinzani. Uwanja wetu daima ulikuwa na pande mbili. Beni ilikuwa na vyama vya Marini na Arinoti, waliokomoana kwa mavazi, karamu na nyimbo. Wasukuma wana makundi mawili ya ngoma, Bagalu walioanzishwa na Gumha na Bagika walioanzishwa na Ngika, na mshindi ni yule aliyevuta umati mkubwa. Mjini zikawa bendi za Msondo na Sikinde: ukishabikia mmoja hukanyagi ukumbi wa mwingine bila kuonekana msaliti. Upinzani huo ndio uliowafanya watunge. Mpiga gitaa alijua kuna mwenzake ng'ambo anayemsikiliza ili amshinde wiki ijayo, na mwimbaji alificha fumbo ndani ya ubeti akijua litajibiwa. Sisi tuliotuza kwa noti zetu tulikuwa waamuzi.

Na ukumbi ulikuwa na adabu. Mwanamume alikwenda mezani kwa mwanamke, akamwomba ruhusa aliyekuja naye, wakacheza, wimbo ukiisha akamrudisha kwenye kiti chake. Waliokulia katika hayo hawapendi kuambiwa kwamba ukumbini palikuwa pa wahuni.

Disko vumbi lilikuja na jenereta. Nalitetea pia, maana watu wa kanisani na wa msikitini wamelisema vya kutosha. Uwanja ulimwagiwa maji mchana ili vumbi litulie, maturubai ya kuanikia mpunga yakageuzwa ukuta, kiingilio kikakusanywa mlangoni, na vijana wa jirani zetu Ubaruku wakaja kuonyesha bugi mbele ya vijana wa Rujewa. Pande mbili bado zilikuwapo.

Leo klabuni zimetoweka, na hapo ndipo uchungu wangu ulipo. Klabu ina DJ mmoja, spika zake na watu wote wamemgeukia yeye. Hana wa kumjibu. Singeli, muziki uliotoka mitaa ya Manzese na Tandale, ambayo mwaka 2017 santuri yake ilitolewa na lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala na kusikika hadi Ulaya, ina kasi ya kutisha, na vijana wake wana kipaji ambacho siwezi kukidharau. Ilianza kwenye sherehe za mtaani, mtaa ukishindana na mtaa. Inapofika kwetu ndani ya simu, mtaa pinzani umebaki Dar es Salaam.

Kwa hiyo mwanangu unayetunga onyesho kuhusu klabu, usinunue njuga wala taa kwanza. Nenda malishoni Usangu baada ya mavuno, uwaulize wazee wa Kisukuma jinsi Bagika wanavyowanyang'anya Bagalu watazamaji wao katikati ya wimbo. Kisha wagawe wachezaji wako makundi mawili, wasifanye mazoezi pamoja, wasioneshane hatua, na kiingilio chote lipewe kundi litakalofuatwa na watu wengi.