Ugonjwa wa Kiwele: Tuutambue Mapema

Katika mpango wa kopa ng'ombe, lipa ng'ombe, familia hupewa mtamba, na ndama jike wa kwanza huenda kwa jirani anayesubiri. Ugonjwa wa kiwele ukiingia, maziwa hupungua, ndama hudhoofu, na kaya mbili hupata hasara.

Ugonjwa huu huletwa na bakteria wanaoingia kupitia tundu la chuchu, hasa penye matope, samadi na mikono michafu. Dalili zake ni kiwele kuvimba na kuwa cha moto, na maziwa kuwa na mabonge au damu.

Mfugaji anawe mikono, aoshe kiwele na kukikausha kwa kitambaa safi, na akamulie matone ya kwanza kwenye kikombe cheusi ili ayachunguze. Baada ya kukamua, ng'ombe apewe majani ili asimame kama nusu saa, kwani tundu la chuchu huchelewa kufunga.

Dalili zikionekana, mtaalamu wa mifugo aitwe mara moja na dozi imalizwe. Maziwa yasinywewe wala kuuzwa hadi siku alizotaja mtaalamu ziishe.

Wanakamati, mnapotembelea kaya, msiulize lita tu. Angalieni pia banda kama ni kavu.