Panzi: kwa nini munganga Mukwege alihamia ndani ya hospitali

Kartie ya Panzi iko upande wa kusini wa muji wa Bukavu, katika tarafa ya Ibanda. Mutu anayejulikana zaidi duniani aliyekaa pale ni munganga Denis Mukwege. Lakini kwa miaka mingi hakukaa mu nyumba kama wengine: alikaa ndani ya hospitali. Sababu ni hii.

Hospitali ya Panzi aliianzisha mwaka 1999, nyuma ya ile ya Lemera, alikotumika kama munganga mukubwa, kushambuliwa mwaka 1996. Alitaka kusaidia wamama wazae salama. Lakini mugonjwa wa kwanza kupokelewa alikuwa mwanamuke aliyebakwa. Kazi ikageuka.

Oktoba 2012, watu wenye silaha waliingia nyumbani kwake Bukavu. Mulinzi wake aliuawa. Yeye akapona, akakimbilia Ulaya pamoja na jamaa yake.

Huku nyuma, wamama wa kisiwa cha Idjwi waliuza mananasi, wakachanga pesa ili wamulipie tikiti ya ndege. Januari 2013 akarudi, na watu wengi wakajaa barabarani kumupokea. Tangu pale akalala mulemule anamotumikia, akilindwa na askari wa Umoja wa Mataifa.

Mwaka 2018 alipewa zawadi ya amani ya Nobel, pamoja na Nadia Murad wa Iraq. Habari ilimukuta palepale Panzi, akipasua mugonjwa.