KIINGEREZA CHA SEKONDARI: SIMU YA NYUMBANI INAWEZA KUSAIDIA

Mtoto akichaguliwa kwenda sekondari nyumba nzima hufurahi. Mama anatafuta sare. Baba anauza gunia la alizeti ili zipatikane pesa za madaftari. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne katika shule za serikali ilifutwa Januari 2016, lakini sare na madaftari bado ni juu yetu wazazi.

Miezi miwili baadaye furaha inapungua. Mtoto anarudi jioni yuko kimya. Ukimwuliza amesoma nini leo, anajibu, "Biolojia." Ukimwuliza hiyo Biolojia inasema nini, anatazama chini.

Wazazi wengi husema mtoto huyu ni mvivu, au kichwa chake ni kizito. Mara nyingi siyo kweli. Shule zetu za msingi za serikali zinafundisha kwa Kiswahili tangu 1967. Huko Kiingereza ni somo moja tu kati ya mengine. Akifika sekondari mambo yanageuka: karibu masomo yote yanafundishwa kwa Kiingereza, na mitihani yake ni kwa Kiingereza. Basi asiyejua lugha hiyo haanguki katika somo la Kiingereza peke yake. Anaanguka katika Jiografia, ingawa anajua vizuri mvua za kwetu zinavyokuja. Anaanguka katika Kilimo, na yeye amelima tangu ana miaka saba!

Hapa Endasak mzigo unazidi kidogo. Watoto wengi nyumbani wanasema Kiiraqw, wengine Kibarabaig. Kiswahili kwao ni lugha ya pili, na Kiingereza ni ya tatu. Lakini hapo hapo pana jambo la kutia moyo. Mtoto huyu ameshajifunza lugha moja ya ugenini akaiweza. Alikiweza Kiswahili kwa sababu alikisikia kila siku: shuleni, mnadani, redioni, kwenye basi la Katesh. Kiingereza hakisikii mahali popote ila darasani. Kengele ikilia, Kiingereza kimekwisha mpaka kesho.

Ndiyo maana tunaandika juu ya simu. Siku hizi masomo ya Kiingereza yanapatikana katika mtandao wa intaneti, na mtoto anaweza kumsikia mwalimu aliye mbali sana naye. Wapo watakaosema hayo ni mambo ya watu wa mjini. Sisi hatukubali. Wazee wetu wanakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu wapatao milioni mbili nchini walikaa katika vikundi, kila kikundi na redio yake, kitabu chake na kiongozi wake. Walisikiliza kipindi, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai kwa njia ile ile. Kwa hiyo kufundishwa na mtu asiyeonekana siyo jambo geni vijijini. Na kilichofanya kazi wakati ule hakikuwa redio peke yake. Kilikuwa kile kikundi.

Basi na tufanye vivyo hivyo kwa simu. Nyumba nne au tano zenye watoto wa sekondari zitumie simu moja yenye intaneti, na zichangie bando pamoja. Shule nyingi haziruhusu mwanafunzi kwenda na simu shuleni, kwa hiyo simu ni ya mzazi na inakaa nyumbani. Watoto wakutane jioni mara mbili au tatu kwa wiki. Kama mtandao ni hafifu, somo lipakuliwe siku ya mnada, mahali unaposhika vizuri, watoto wasikilize baadaye bila gharama.

Yapatikane wapi masomo hayo? Taasisi ya Elimu Tanzania ina Maktaba Mtandao, ambamo vitabu vya kiada vinasomwa bure. Shule Direct, iliyoanzishwa na Watanzania wenzetu mwaka 2013, ina masomo ya sekondari. BBC ya Uingereza imekuwa ikifundisha Kiingereza redioni tangu 1943, na leo masomo yake yako mtandaoni bila malipo. Wapo pia walimu wanaofundisha mtandaoni kwa kulipwa. Kwa maoni yetu, maliza kwanza vya bure.

Somo lenyewe liwe fupi, dakika kumi zinatosha. Wasikilize, wasimamishe, warudie. Kila mtoto aseme kwa sauti yale aliyoyasikia. Kusikiliza tu bila kusema ni sawa na kutazama wenzako wakilima. Kisha kila mmoja aandike sentensi tano zake mwenyewe, siyo za kunakili.

Yafaa tueleze kwa nini Kiingereza kinawasumbua. Sisi tuliopita kisomo tumezoea herufi zinazosema kweli: ukiona "a" unasoma "a", basi. Kiingereza hakina uaminifu huo. Neno linaloandikwa "put" linasomwa "put", lakini "cut" linasomwa "kat". Neno "read", maana yake kusoma, linasomwa "riid" kwa jambo la kila siku, na "red" kwa jambo lililopita, na maandishi hayabadiliki! Mtoto hawezi kulijua hilo kwa macho. Lazima asikie.

Tena kuna "he" na "she". Kiswahili kinasema "yeye" kwa baba na kwa mama. Kiingereza kinasema "he" kwa mwanamume na "she" kwa mwanamke, na watoto wengi humwita mama yao "he" katika karatasi ya mtihani. Mtoto wa Kiiraqw akumbushwe kwamba lugha ya nyumbani kwake nayo hutenganisha mwanamume na mwanamke katika kitenzi. Kumbe jambo hilo analijua siku nyingi!

Mzazi utauliza: mimi sijui neno hata moja la Kiingereza, nitasaidia nini? Utasaidia sana. Baada ya somo mwambie mtoto akueleze kwa Kiswahili, au kwa Kiiraqw, yale aliyojifunza. Akieleza ukaelewa, ameelewa. Akibabaika, arudi kusikiliza tena. Pia umpunguzie kazi jioni zile za somo. Hasa mtoto wa kike, maana yeye ndiye anayetumwa maji na kuni wakati kaka yake ameshika daftari.

Kuna hatari, na tuseme wazi. Simu hiyo hiyo ina muziki, michezo na picha zisizofaa. Kwa hiyo somo lisikilizwe mbele ya mtu mzima, siyo chumbani. "Mwalimu" wa mtandaoni akimwomba binti picha yake, au akitaka waonane faraghani, mfungie mara moja na utoe taarifa polisi. Na mtu akikuuzia "mtihani kabla ya siku yake", huyo ni tapeli. Baraza la Mitihani hufuta matokeo ya wanaobainika kudanganya, na hapo miaka minne yote imepotea.

Mitihani ya miaka iliyopita ndiyo mazoezi mazuri kuliko yote, na inapatikana mtandaoni. Kikundi kiianze mapema, kabla ya upimaji wa kidato cha pili. Katika mtihani wa kidato cha nne alama D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Mtoto mwenye 28 hayuko mbali kama anavyofikiri.

Penye nyumba ambazo hazina simu ya namna hiyo, kikundi kinunue Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI. Kila mtoto atafute humo maneno matano kwa siku aliyokutana nayo darasani, ayaandike, na kesho yake aulizwe. Kamusi iandikwe jina la kikundi kwenye jalada, na akae nayo yule anayeishi karibu na watoto wengi.