Ndege ya Moja kwa Moja au ya Kubadilisha? Mtazame Msafiri Kabla ya Bei



Katika miji yetu ya pwani ni nyumba chache zisizokuwa na mtoto, ndugu au mkwe aliyehamia ng'ambo. Anapozaliwa mjukuu, au likizo inapokaribia, hufika ujumbe kwenye simu: mama ajiandae, tiketi inakatwa. Furaha huwa kubwa, na hapo hapo huanza mjadala. Je, ichukuliwe ndege isiyotua njiani, ambayo aghalabu ni ghali, au ile ya nafuu ambayo msafiri hushuka mji wa watu na kupanda nyingine?

Mara nyingi shauri hili hukatwa na mwenye kulipa, aliye mbali, akitazama bei peke yake. Mwenye kusafiri haulizwi. Makala haya yanakusudia kusema jambo moja: ubora wa tiketi hupimwa kwa hali ya yule atakayesafiri nayo.

Hesabu ianzie mlangoni pako

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Safari iitwayo ya moja kwa moja huenda ikawa haitui kabisa, na huenda ikawa inatua mahali, abiria wengine wakashuka na wengine wakapanda, nawe ukabaki na ndege ile ile. Muulize wakala wako swali hilo waziwazi kabla ya kulipa.

Pili, tusihesabu kwa hesabu ya Nairobi. Kutoka Nairobi hadi London, bila kutua, ni kiasi cha saa 9. Kutoka Nairobi hadi New York, safari ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, ni kiasi cha saa 15. Lakini mtu wa Mombasa lazima afike Nairobi kwanza, kwa ndege ya kiasi cha saa moja au kwa treni ya SGR ya saa 5 hadi 6. Basi safari ya moja kwa moja ya mtu wa Nairobi, kwetu sisi ni ya kubadilisha. Anayetoka Mombasa akapitia Addis Ababa kwenda London, naye hubadilisha mara moja tu. Wa Lamu na aongeze hatua nyingine. Kwa hivyo swali letu la kweli ni hili: tubadilishe wapi, na kwa utaratibu gani?

Tiketi moja au mbili

Hapa ndipo penye hatari kubwa, na wengi hawapajui. Ukikata safari yote kwa tiketi moja, ndege ya kwanza ikichelewa ukakosa ya pili, ni juu ya shirika kukutafutia nyingine. Mabegi nayo kwa kawaida huandikiwa hadi mwisho wa safari. Lakini ukikata Mombasa hadi Nairobi mbali, na Nairobi hadi London mbali, kwa kuokoa shilingi kadhaa, ukichelewa hasara huenda ikawa yako. Tena utalazimika kuchukua mabegi Nairobi, uyaburure kutoka sehemu ya ndege za ndani hadi ya kimataifa, uyakabidhi upya. Rahisi ni ghali, walisema wazee.

Unapokabidhi begi Mombasa, itazame karatasi inayofungwa mkononi mwake. Herufi tatu za mwisho wa safari ziwe ni za mji unaokwenda. Kwa Heathrow ya London ni LHR. Ukiona NBO, ujue begi lako linaishia Nairobi. Aendaye Marekani naye afahamu kwamba, kwa kawaida, mabegi huchukuliwa katika uwanja wa kwanza wa nchi ile, hata kama bado kuna ndege nyingine ya ndani.

Vilevile ulizeni habari ya visa ya kupita. Uingereza, kwa mfano, humtaka Mkenya awe na visa hata akiwa anabadilisha ndege tu, isipokuwa wenye msamaha maalumu. Tiketi ya nafuu inayopitia mahali usiporuhusiwa kupita si nafuu.

Nani anasafiri?

Kijana mwenye afya na anayejua lugha, na abadilishe, ataokoa fedha. Mama wa miaka 70 asiyesoma Kiingereza, mwenye sukari na magoti mabovu, huyo si wa kubadilisha mara mbili, wala si wa kupewa saa moja kukimbia kutoka mlango hadi mlango. Mpeni saa 3 hivi za kupumua. Kawia ufike.

Hata hivyo, kutotua si rehema kwa kila mtu. Kukaa kitini zaidi ya saa 4 huzidisha uwezekano wa damu kuganda miguuni, na safari ya saa 15 ni mtihani kwa mgonjwa. Kwake yeye, kushuka katikati akanyoosha miguu huenda kukawa ni afya. Na aulizwe daktari kabla ya tiketi kukatwa. Mahali pa kutua pia humpa msafiri nafasi ya kutawadha na kusali kwa utulivu, akielekea kibla, akitumia ruhusa ya kupunguza na kukusanya sala.

Kwa mzee anayebadilisha ndege, ombeni msaada wa kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, au angalau saa 48 kabla. Haulipiwi. Mhudumu humpokea, humpitisha kwenye ukaguzi, na humfikisha mlango wa ndege ya pili. Si aibu, wala si kujidai maradhi; elezeni kwa ukweli kwamba hawezi mwendo mrefu na hajui njia. Chakula cha halali au cha mwenye sukari nacho huagizwa mapema. Dawa zote, hasa insulini, zikae katika begi la mkononi pamoja na barua ya daktari. Katika mkoba wake muwekeeni karatasi yenye jina lake, anwani aendayo na nambari ya simu ya mwanawe.

Enyi watoto mlio ng'ambo, kabla ya kulipa, mpigieni mama simu. Muulizeni miguu yake ikoje, usiku analalaje, na je, anaogopa kuwa peke yake ugenini? Majibu yake yatangulie mbele ya bei. Ikiwa fedha hazitoshi tiketi inayomfaa, bora safari iahirishwe miezi miwili, au apatikane jamaa wa kufuatana naye, kuliko kumtupa mzazi katika uwanja asioujua kwa ajili ya punguzo.

Mwenyezi Mungu awasahilishie wasafiri wetu, na awarejeshe kwa salama. Amin.