Ubwari: Kazi ya ziwa na shamba inaweza kulisha sanaa ya kijana

Katika rasi ya Ubwari, ngambo ya ghuba ukitokea mji wa Baraka, kijana anayependa kuimba au kuchora huwa na kazi nyingine pia. Anavua ndagala, analima muhogo, anashona nyavu ao anasaidia fundi wa mitumbwi. Wazazi wengi huona sanaa inaiba wakati wa kazi. Vijana nao hulalamika kwamba kazi inaua sanaa.

Maisha ya wasanii wengi wa Kongo na wa nchi jirani yanaonyesha kitu kingine: wazo jipya mara nyingi hutoka katika kazi isiyohusika na sanaa.

Chéri Samba, mchoraji wa Kongo aliyezaliwa mwaka wa 1956, alifika Kinshasa mwaka wa 1972 akatafuta riziki kwa kuchora vibao vya matangazo. Baadaye alichora pia hadithi za picha za gazeti. Kibao cha duka kinahitaji maneno na picha pamoja, ili mpita njia asimame na kusoma. Samba aliihamisha desturi hiyo kwenye picha zake, akaandika maneno ndani yake kwa Kifaransa na Kilingala. Mwaka wa 1989 kazi zake zilionyeshwa Paris.

Nchini Tanzania, Edward Tingatinga alifanya kazi katika mashamba ya mkonge ya Tanga, kisha vibarua mjini Dar es Salaam. Alipoanza kuchora wanyama, mwishoni mwa miaka ya 1960, hakutumia vifaa vya gharama. Alichukua mbao nyepesi za kujengea dari na rangi ya kupaka baiskeli. Rangi hiyo nzito yenye kung'aa ilichangia sura ya mtindo ambao leo unaitwa kwa jina lake. Alifariki mwaka wa 1972, lakini mtindo unaendelea.

Zanzibar, Siti binti Saad alikuwa akitembeza vyungu vya udongo. Inasimuliwa kwamba sauti yake ilijulikana kwanza alipokuwa akiita wanunuzi. Mwaka wa 1928 alirekodi nyimbo zake huko Bombay, nchini India.

Hao watatu walibeba vitu tofauti kutoka kazi zao: mmoja namna ya kupanga maneno na picha, mwingine vifaa, wa tatu sauti yenyewe. Hakuna aliyesubiri kuacha kazi ndipo aanze kuwa msanii.

Ubwari mali ya namna hiyo ipo. Wavuvi wakivuta wavu pamoja, mikono hufuata mwendo mmoja. Mpiga ngoma anaweza kuanzia hapo. Mama anayeuza ndagala sokoni anajua maneno machache yanayomsimamisha mteja, na mtunzi wa nyimbo anatafuta hayo hayo. Fundi wa mtumbwi hupima ubao kwa jicho, kama mchoraji anavyopima uso wa mtu.

Wakati nao upo. Ndagala huvutwa na mwanga wa taa, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa hazina nguvu na wavuvi wengi hupumzika. Tena, nchi nne zinazozunguka ziwa Tanganyika zilikubaliana kusimamisha uvuvi miezi mitatu kila mwaka, ili samaki wazaane.

Lakini njaa si mwalimu wa sanaa. Ziwa likifungwa na nyumba haina unga, hakuna atakayekaa kutunga wimbo. Mkutano wowote unaozungumzia kufunga ziwa unapaswa kuzungumzia pia namna wavuvi watakavyokula miezi hiyo.

Kwa kijana, hatua ya kwanza haihitaji pesa nyingi. Akisikia neno zuri sokoni, aliandike. Akipata mdundo akiwa kwenye wavu, aurekodi kwa simu akifika nchi kavu. Kesho atarudi ziwani, na huko atapata kitu kingine.