Sura ya Sita: Fedha ya Mfadhili na Kalenda ya Ziwa

Kijana wa Ujiji au Kasulu aliyemaliza shahada ya kwanza na kutamani ya umahiri huanza kwa kuuliza nani anatoa ufadhili. Majibu yapo. Bodi ya Mikopo, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, huelekeza sehemu kubwa ya fedha zake kwenye shahada ya kwanza, kwa hiyo wengi hutazama nje: Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola wa Uingereza, DAAD ya Ujerumani ambayo hulipia hata masomo ndani ya Afrika Mashariki, au VLIR-UOS ya Wabelgiji wa Flanders. Hawa wa mwisho wamekuwa wakidhamini kozi ya Bahari na Maziwa inayofundishwa kwa pamoja na vyuo vya Brussels, Ghent na Antwerp, nami ndiyo ningemtajia kwanza mtu aliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika.

Kila mlango una kizingiti chake. Chevening hudai saa 2,800 za uzoefu wa kazi, na anayepata hulazimika kurudi nyumbani kwa miaka 2 baada ya masomo. DAAD kwa kawaida hutaka isizidi miaka 6 tangu shahada ya mwisho. Ukiyaweka masharti haya mawili pamoja, utaona kwamba miaka michache baada ya mahafali ndiyo ya kuomba, na anayesubiri mpaka mambo yatulie huenda akakuta muda umempita.

Lakini swali la nani anatoa lina mwenzake ambalo waombaji wengi hawaliulizi: fedha hii itadumu mpaka lini, na kazi ninayoahidi itachukua muda gani? Hapo ndipo andiko zuri la utafiti hutofautiana na dhaifu, na hapo ndipo ufadhili uliokwisha kupatikana huponyoka.

Fikiria shahada ya mwaka mmoja ya Uingereza. Masomo huanza Septemba, na tasnifu huandikwa kuanzia Juni hadi mapema Septemba. Mwanafunzi ameahidi kulinganisha uvuvi wa dagaa na migebuka wakati wa masika na wakati wa kiangazi. Ahadi hiyo haitimiziki. Atafika Kigoma mvua zimekwisha, upepo wa kusini-mashariki umeshika, naye hatauona msimu wa pili kabisa. Tena dagaa huvuliwa usiku kwa taa, hivyo mwezi ukiwa mpevu wavuvi wengi hawaingii majini, na sehemu ya kila mwezi hupotea. Juu ya hayo, serikali ilifunga uvuvi ziwani kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, kwa makubaliano na nchi jirani zinazolizunguka ziwa, ili samaki wazaliane. Katika kipindi kama hicho hakuna mavuno ya kupima mwaloni. Andiko la mtu anayelijua ziwa lingesema tangu mwanzo kwamba litatumia takwimu zilizokwisha kukusanywa na taasisi kama TAFIRI, ile ya utafiti wa uvuvi yenye kituo Kigoma, na kwamba wiki chache za mwaloni ni za kuhoji wavuvi na wachuuzi. Ni ahadi ndogo zaidi, lakini mjumbe wa kamati huiamini, kwa sababu anaona mwombaji amehesabu siku zake.

Katika hesabu hiyo vibali navyo vimo. Barua ya chuo huenda kwa Katibu Tawala wa Mkoa, mkoa huandikia wilaya, wilaya huandikia halmashauri, ndipo unafika kwa mtendaji wa kijiji au mtaa na viongozi wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, pale Kibirizi au Katonga. Anayetaka kuingia Hifadhi ya Gombe kuchunguza sokwe ana taasisi ya utafiti wa wanyamapori (TAWIRI), tume ya sayansi na teknolojia (COSTECH) na shirika la hifadhi za taifa (TANAPA) mbele yake. Huku ukisubiri, posho inaliwa.

Nayo posho huchelewa. Ujiji inaijua shida hii tangu zamani: mpelelezi David Livingstone alirudi hapo Oktoba 1871 akiwa amedhoofu, akakuta mali aliyotumiwa kutoka Zanzibar imeuzwa na mtu aliyekabidhiwa kuileta. Usipange kazi ya mwezi wa kwanza kwa kutegemea awamu ambayo haijaingia benki.

Kuhusu kuutunza ufadhili, mfano bora uko kilomita chache kaskazini mwa mji wa Kigoma. Mtafiti wa sokwe Jane Goodall alipofika Gombe Julai 1960, fedha aliyotafutiwa na mwanaakiolojia Louis Leakey kwa Mmarekani Leighton Wilkie ilitosha miezi 6 tu. Sokwe walimkimbia majuma kwa majuma. Kisha, mapema Novemba, akamwona mmoja akichokoa mchwa kwa kijiti alichokitengeneza mwenyewe. Leakey aliipeleka habari hiyo kwa National Geographic Society, ambayo ikaanza kugharimia kazi hiyo mwaka 1961. Kumbukumbu aliyoiandika porini ndiyo iliyomletea fedha ya pili.

Mei 1975 watu wenye silaha kutoka ng'ambo ya ziwa waliwateka wanafunzi 4 wa kigeni pale Gombe. Baadaye waliachiwa, lakini mpango wa kuwapokea wanafunzi watafiti pale ukavunjika. Wasaidizi wa Kitanzania ndio walioendelea kuwafuata sokwe na kuandika kwa Kiswahili walichokiona, na bila kurasa zao mfululizo wa kumbukumbu za Gombe ungekatika. Kumbukumbu hizo zilikuja kutunzwa kwa miaka mingi Chuo Kikuu cha Minnesota, na huko ndiko Deus Mjungu, aliyekuja kuongoza utafiti wa Gombe, alikosomea uzamivu. Napenda kila mwanafunzi wa mkoa huu aijue historia hiyo, maana wengi wanadhani kuandika daftari ni kazi ya msaidizi.

Kwa hiyo ripoti ya maendeleo iandikwe kutoka kwenye daftari, na iende kwa wakati hata kama habari zake ni mbaya. Ziwa likifungwa, boti ikiharibika, ukiugua, mwandikie msimamizi na mfadhili juma hilohilo: eleza kilichotokea, kilichobaki, unachoomba kibadilishwe, na tarehe mpya. Mfadhili anayeambiwa mapema ana nafasi ya kusaidia. Anayegundua mwenyewe baada ya miezi kadhaa huanza kwa kusimamisha malipo. Wala usihamishe fedha ya mafuta ya boti kwenda kodi ya chumba bila idhini ya maandishi, hata kama ni kidogo, na risiti za mwaloni ambako hakuna mashine ziandikwe kwa mkono, zisainiwe na kupigwa picha siku hiyo.

Ukiomba muda zaidi, tarajia jibu linalotolewa mara nyingi: miezi imeongezwa, posho haikuongezwa. Tenga basi kitu katika kila awamu tangu ya kwanza, kiasi cha kukulisha wakati unaandika, na umuulize msimamizi mapema kama anakubali uandikie nyumbani Kigoma, usikolipa pango.